Karatasi Mbili za Maji

Tulitoka Lodwar Jumatatu, watu watatu na lori moja la mabomba ya chuma, tukafika Mowlem, mtaa wa pembeni mwa jiji, Alhamisi mchana. Safari ya siku mbili ilichukua nne kwa sababu lori lilikuwa na umri wangu. Lilichemka likipanda Kapenguria, likavunjika springi kabla ya Kitale, na pale Gilgil, upande wa Nakuru, tairi la nyuma likapasuka mbele ya meza za akina mama wanaouza karoti na njegere kando ya barabara.

Dereva alinituma nikanunue karoti huku yeye akizungusha jeki. Mama aliyeniuzia alikuwa mcheshi. Alipocheka niliona meno yake yote ni ya kahawia, mengine yana mistari iliyolala kama ya gogo lililokatwa. Niliporudi, dereva aliniuliza, "Umeona hayo meno? Huku mtoto anazaliwa na chai mdomoni."

Fundi wa mashine akamjibu kutoka chini ya lori, "Ni maji ya Nakuru, bana. Wote wako hivyo."

Nilicheka nao, nikitafuna karoti ambayo mama yule alikuwa ameniongezea bila kuombwa. Tairi likawa tayari, tukaondoka. Nimesafiri sana maishani, lakini hakuna safari niliyoirudia kichwani mara nyingi kama hiyo, na kila nikiirudia husimama pale kwenye karoti.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa watu wanaochimba visima kwa mashine. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nyumbani, upande wa magharibi, na sikuwa nimekaa mahali popote zaidi ya miezi minane. Kazi ya visima ilinifaa. Unafika, unatoboa ardhi, maji yakiruka unapiga makofi na wenyeji, kisha unafunga kamba na kwenda. Kisima cha Mowlem kilichimbwa kwenye kona ya ploti ya mtu aliyekuwa na gorofa moja ya kupangisha. Maji ya kanjo, yaani ya mfereji wa baraza la jiji, yalikuwa yakija siku mbili kwa wiki, na wiki nyingine hayakuja. Maji yetu yalipotoka yalikuwa baridi na mepesi, na watu waliokuja kuonja kwa viganja walisema ni matamu kuliko ya kwao ushago, kijijini.

Wenzangu walipofunga mizigo kwenda Kitui, mwenye ploti aliuliza nani anajua ile pampu. Nikasema mimi. Nilidhani nitakaa miezi mitatu. Nilikaa miaka kumi na sita.

Siwezi kusema miaka hiyo ilikuwa mibaya. Hata leo nikiamka mapema mahali pengine huwa nangoja kusikia mitungi mitupu ikigongana. Foleni ilianza kabla ya jua: akina mama wa Umoja na khanga zao, wanaume wa mikokoteni waliopeleka maji mpaka Dandora, watoto wa shule waliotumwa na mtungi mkubwa kuliko wao. Nilijua nani amegombana na nani kwa jinsi walivyoachiana nafasi kwenye foleni. Nilipata mke hapo hapo, naye alikuwa wa foleni. Kwao na kwetu kulitenganishwa na mto mmoja. Tukapata binti, mtoto wetu wa pekee.

Binti alipokuwa hajatimiza miaka miwili, kipindupindu kilipita mitaani kwetu, na watu wa afya wakataka kila anayeuza maji awe na karatasi ya maabara. Mwenye kisima akamleta mwanamke kutoka maabara ya mjini, amevaa glavu na amebeba kisanduku cha barafu. Nilimfungulia mfereji akajaza chupa yake ndogo.

"Mnatafuta nini humo ndani?" nilimuuliza.

"Tunatafuta tulichoandikiwa. Hapa nimeandikiwa vijidudu."

"Na kama kuna kingine?"

"Kingine kina karatasi yake. Kuna ya madini, kuna ya chumvi. Bosi wako akitaka, aseme."

Nilimwambia bosi. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. "Nani ameuliza habari ya madini?" akasema. "Wameuliza kipindupindu. Tuwajibu kipindupindu."

Karatasi ikaja: vijidudu, sufuri. Niliifunika kwa nailoni nikaibandika ukutani juu ya mfereji, na nikawa naionyesha kwa kidole kama mwalimu. Mtu akiuliza kama maji ni safi sikufungua mdomo. Kidole kilitosha.

Mwaka uliofuata, ng'ambo ya barabara ilifunguliwa duka la jumla na rejareja. Mwenyewe alikuwa mama wa Kiislamu, na watoto wake wanne. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita nje ya nchi, yeye akazaliwa Kenya. Tulimwita Mama Duka. Alikuwa akinunua kwangu mitungi sita kila asubuhi, na mimi nilinunua kwake sukari na mafuta. Kisha mmoja wa watu wa mikokoteni, aliyekuwa akimpelekea maji, akagundua jambo.

"Maze, huyo mama hanywi maji yetu," aliniambia mbele ya foleni nzima. "Yako ni ya kufua na kuosha vyombo. Watoto wake wanakunywa ya kanjo. Ana tangi nyuma, yakija anajaza, na mvua ikinyesha anakinga."

"Si kanjo ndiyo iko na uchafu?" akauliza mama mmoja.

"Uliza yeye. Labda yetu ni haramu."

Wote wakanitazama, maana maji yalikuwa yangu na jibu lilikuwa langu. Nikasema, "Maji yetu hayajatawadha."

Foleni ilicheka mpaka mitungi ikaanguka. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo. Jioni mke wangu alinisimulia kwamba maneno yale yamevuka barabara: mtu amenunua mkate pale dukani na kuuliza kama umetawadha. Kesho yake ikawa unga, keshokutwa viberiti. Baada ya wiki mbili utani uliisha ladha, lakini wengine walikuwa wamezoea kununua kwingine, na hawakurudi.

Mama Duka alikuja mwenyewe saa nane mchana, wakati hakuna foleni. Alisimama mbele ya mfereji, mikono imefichwa ndani ya ushungi.

"Ndugu, hayo maneno ya kutawadha ni yako?"

Nilijifanya ninakaza mfereji.

"Mara ya kwanza yalinichekesha," alisema. "Mara ya ishirini hayachekeshi." Kisha akainua macho kwenye karatasi yangu. "Hii inasema nini kuhusu meno?"

"Meno? Hii ni ya vijidudu, mama. Sufuri, unaona?"

"Sijauliza vijidudu. Ndugu zangu watatu wakubwa walikulia kwenye kisima cha kuchimbwa kama hiki. Maji matamu, hayana mdudu. Mimi nilizaliwa baadaye, wakiwa wamehama." Akafunua midomo kidogo, meno meupe. "Haya ni yangu. Yao yako kama mbegu za tende. Daktari alisema ni floraidi, inatoka chini kwenye mawe. Mtu mkubwa akinywa, meno yake yameshaota. Mtoto ambaye meno ya pili bado yako ndani ya ufizi, hayo ndiyo yanaharibika."

"Hayo ni mambo ya Nakuru," nilimwambia.

"Mawe yanajua Nakuru inaishia wapi?"

Nilicheka kidogo. Hapo ndipo aliposema lile alilokuja kusema. "Una binti mdogo. Mpaka atimize miaka minane, lete mtungi wa lita tano kila siku. Nitampa ya kunywa kutoka tangi langu, bure. Nachemsha, hayana shida."

Nilimshukuru kwa adabu. Alipovuka barabara nilikuwa tayari ninapanga jinsi nitakavyoisimulia foleni.

Na niliisimulia. "Sasa anasema ni floraidi."

"Si hiyo ndiyo wanaweka kwa dawa ya meno?" akauliza mtu wa mkokoteni.

"Hiyo hiyo."

"Basi kisima chako kinatupiga mswaki bure, na hujatuambia."

Wakacheka tena. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umri miaka mitatu. Nilimwita, "Onyesha mama meno." Akafungua kinywa, na meno yake ya utoto yalikuwa meupe kama tui la nazi. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wetu. Mtu akileta habari za floraidi, ninamwita binti, anafungua kinywa, foleni inashangilia. Yalikuwa meno ya kwanza. Mama Duka alikuwa amezungumza juu ya meno ya pili, nami nilikuwa nimemsikia vizuri.

Mke wangu hakucheka. Alinifuata ndani tukiwa wawili.

"Lita tano tu. Nitaenda kuchukua mimi."

"Wewe ni nani? Si wewe ni bibi ya mtu wa maji? Watu wakikuona umebeba maji kutoka dukani, kesho nani atanunua kwangu?"

"Kwani wewe unauza maji ama unauza mtoto?"

"Niko na karatasi," nilimwambia. "Yeye ako na hadithi ya ndugu zake."

Nilikuwa nimesoma kemia. Shuleni nilikariri ile safu ya jedwali la elementi, florini, klorini, bromini, nikaijaza kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Haikunipitia akilini kwamba kitu cha kwenye jedwali kinaweza kuwa ndani ya mtungi. Kemia ilikuwa ya mtihani, meno ya kahawia yalikuwa ya Nakuru, na kazi yangu ilikuwa ya kufungua na kufunga mfereji. Niliishi na vitu hivyo vitatu miaka mingi bila kuvikutanisha.

Meno ya mbele ya binti yalidondoka moja baada ya jingine, kama ya watoto wote. Mapya yalitoka na madoa meupe kama chokaa. Mama mkwe alisema ni maziwa. Kufikia miaka tisa madoa yalikuwa yamegeuka kahawia, na mistari ikajichora, imelala. Nilimnunulia mswaki mgumu. Nilimwambia hapigi mswaki vizuri, nikaushika mwenyewe, nikachanganya chumvi na majivu na kusugua. Asubuhi moja maji aliyotema yalikuwa na damu.

"Baba, unaniumiza," alisema. "Haitoki."

Nilimpeleka kliniki. Daktari wa meno alimwangalia kwa tochi kwa muda mfupi sana.

"Mmetoka Nakuru?"

"Hapana. Mowlem."

"Alizaliwa Nakuru?"

"Alizaliwa hapa hapa, Mowlem."

Akazima tochi. "Basi ni chai. Apunguze chai na soda." Akaandika jina la dawa ya meno.

Tulikaa kwenye benchi nje tukingoja kuitwa dirishani. Binti alikuwa akisoma tangazo ukutani, na alipofika mahali pa kuchekesha alicheka, mkono umeshafika mdomoni kabla ya kicheko. Sijui alikuwa ameanza lini kufanya hivyo. Nikamwona tena kichwani mama wa karoti. Nikamsikia dereva, na fundi chini ya lori, na mimi mwenyewe.

Wiki hiyo nilijaza chupa nikaenda maabara. Nilimkuta mwanamke yule yule.

"Leo tupime nini?"

"Kila kitu," nilisema.

"Hakuna karatasi ya kila kitu. Niambie jina."

Nikamwambia jina. Karatasi ya pili ilipotoka, alinieleza kwa upole kwamba kiasi kidogo cha madini haya husaidia meno na kingi huyaharibu, na kwamba kisima chetu kina kingi kupita kipimo. "Mngeuliza mapema ningewaambia mapema," alisema. Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa akieleza jinsi kazi yake inavyokwenda.

Bosi aliisoma amesimama. "Hii karatasi nani amekutuma?"

"Mtoto wangu."

Alimpenda binti yule, akanirudishia karatasi taratibu. Halafu akasema, "Mimi nauza maji. Sijaandika popote ni ya mtoto kunywa. Mtu akioga, akipika, ni yake. Weka hiyo karatasi mbali."

Niliiweka mbali. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika bila kulipamba. Niliikunja mara nne nikaitia kwenye mkebe wa grisi chini ya pampu, na nikaendelea kufungua mfereji miaka mingine mitano. Nyumba yetu ilikuwa ya bosi. Kila kijiko na kiti chetu kilikuwa hapo, mke wangu alikuwa na meza yake ya mboga hapo. Mimi niliyeondoka kila mahali kwa sababu ndogo, safari hii nilikuwa na sababu kubwa na sikuondoka. Nikimwona mama na mtoto mgongoni nilimwambia kimya kimya, "Ya mtoto chukua ya kanjo." Wengi walidhani ninawafukuza. Mmoja aliniambia, "Karatasi yako inasema sufuri, wewe unasema nini?"

Kwa Mama Duka sikwenda. Nilianza kununua sukari mbali, upande wa Umoja.

Ikafika mwaka binti alipokuwa na miaka kumi na minne. Jioni moja, jua bado lipo, alikuwa ameketi kando yangu na sare za shule. Mama mmoja kijana, aliyehamia juzi kutoka Huruma, alitua mtungi. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi michache.

"Sasa, baba. Haya maji ni safi?"

Kidole changu kilikwenda kwenye karatasi. Kwa miaka mingi kilikuwa kikienda chenyewe.

Binti alisimama. "Ni safi," alisema. "Hayana vijidudu. Lakini usimpe huyo mtoto." Kisha akatoa mkono mdomoni, akamsogelea mama yule na kufungua kinywa, wazi, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka mitatu nilipomwita. Foleni nzima iliona. Hakuna aliyeshangilia. Mtu wa mkokoteni, ambaye sasa alikuwa na mvi, aliangalia pembeni.

"Umezaliwa Nakuru?" mama kijana aliuliza.

"Nimezaliwa hapa nyuma. Baba yangu ni huyu."

Aliketi na kufungua kitabu chake. Nilizima pampu. Nilikwenda kwenye mkebe, nikaikunjua karatasi ya pili, ina mafuta ya grisi na alama za mikunjo, nikaibandika kando ya ile ya kwanza. Halafu nikawasomea kwa sauti wasioweza kuiona.

Kulikuwa na kelele, na sikuzikwepa. Mama mmoja ambaye watoto wake wawili walikunywa kwangu tangu kuzaliwa aliniuliza swali moja tu: "Tangu lini unajua?" Nikamwambia miaka mitano. Alimwaga mtungi wake miguuni pangu, taratibu, mpaka tone la mwisho, akaenda.

Bosi alinipa siku tatu nihame. Aliniambia karatasi ya pili angeitoa, lakini nilisikia baadaye kwamba hakuitoa, na kwamba sasa maji yanauzwa ya kufua.

Siku ya tatu tulipakia vitu kwenye lori dogo la kwenda kwetu magharibi. Mke wangu na binti walikuwa wameshaketi mbele. Nilivuka barabara. Sikuwa nimeingia duka lile miaka mitano. Mama Duka alikuwa akipima maharagwe, akamaliza kwanza.

"Naondoka, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Ya kutawadha, na ile nyingine ya floraidi."

"Nilisikia ya mtoto wako na mdomo wake," alisema. "Yule ni mtu."

"Ungenisisitizia," nilisema, na nilipolisema nikajua ni neno baya.

Hakukasirika. Alifunga mfuko wa maharagwe. "Ndugu, nilidhani unaona haya mbele za watu. Nikasema labda atakuja wakati watu hawapo, ama atamtuma mama ya mtoto. Nilijaza mtungi wa lita tano nikauweka hapo nje, nyuma ya mlango wa pembeni, upande ambao hauonekani kutoka kisimani. Ulikaa hapo kila siku, na kila baada ya siku tatu nilibadilisha maji. Mpaka nilipoona mtoto ameng'oka meno ya mbele, nikajua tumechelewa."

Niliuangalia mlango. Kulikuwa na ufagio na magunia matupu.

"Hukuona?" aliuliza.

"Sikuwahi kuja upande huo," nilimwambia.

Dereva alipiga honi. Mama Duka alitoka nami mpaka barazani, akampungia binti mkono, na binti, kule mbele ya lori, akacheka kwa kumwona. Nilivuka kurudi polepole, nikimwangalia. Aliufunika mdomo kwa mkono mpaka nilipofungua mlango na kuketi.